Tumeelewana?

Nyamizi Kasubi alikuwa barazani anachambua mchele alipopata habari kwamba mumewe hakufa.

Aliyeileta ni mjukuu wake Kabula, mtoto wa miaka tisa, mwenye maswali mengi kuliko meno. Alitoka ndani na punje yake ya masomo bado iko nyuma ya sikio, akakaa chini kwenye mkeka, akachokora ungo kwa kidole.

"Bibi, hivi babu Lutema walimhamishia wapi?"

"Usinimwagie mchele. Walimhamishia wapi nani?"

"Babu. Leo tumesoma Bwawa la Lusungwi. Wakazi wote walihamishwa salama kabla bwawa halijapasuka. Sasa yeye walimpeleka wapi? Mbona haji kutuona?"

Mikono ya Nyamizi ilisimama. Lutema alikuwa kaburini mwaka wa kumi na tano sasa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtambua, na alimtambua kwa mkanda wa suruali, maana maji na magogo hayakuacha uso. Walilazwa watu mia tatu na kumi na wawili kwenye uwanja wa mpira wa Lusungwi siku ile, na yeye alipita kati ya mistari akifunua khanga moja baada ya nyingine. Leo mtoto anamuuliza walimhamishia wapi!

"Nani kakudanganya hivyo?" alisema kwa ukali uliomshtua hata yeye.

Kabula alimtazama kwa mshangao. "Si wewe, bibi? Wewe mwenyewe. Asubuhi hii hii."

Na kweli alikuwa yeye. Katika Shirikisho zima, kuanzia machimbo ya chumvi mpaka nyumba za mawaziri, mtoto akifikisha miaka sita serikali humpa punje bure, kidude kidogo mfano wa punje ya hindi, kinabandikwa nyuma ya sikio, na humo ndani anazungumza mwalimu. Anafundisha, anauliza, anasikiliza jibu, anakemea, anacheka. Watoto milioni kumi na moja, mwalimu mmoja. Mwalimu huyo ni Nyamizi Kasubi, aliyekuwa akifundisha Shule ya Msingi Lusungwi kabla maji hayajaichukua.

Alichaguliwa kwa sababu alikuwa anaeleweka. Walimfungia miaka mitatu kwenye chumba chenye kuta za sponji pale Makao Makuu, akasoma masomo yote, darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, koo likakauka mpaka akawa anatembea na chupa ya maji ya tangawizi. Halafu mafundi wakachukua na rekodi za zamani za darasa lake halisi, wakailisha mashine yao, ili ijifunze sauti pamoja na mwenendo wake: anapumzika wapi, anasemaje "weee!" akimwona mtu anachungulia daftari la jirani, anafanya nini mtoto asipoelewa. Kitu kilichozaliwa hapo walikiita kiini.

"Nipe hiyo punje," alisema Nyamizi.

Aliibandika sikioni mwake, akasikia sauti yake ya miaka kumi na miwili nyuma, changa kidogo, haijaanza kukwaruza. "Wakazi wote wa Lusungwi walihamishwa salama. Tumeelewana?"

Kila aliyewahi kukalia dawati analijua swali hilo, na jibu lake analijua hata usingizini. Darasa zima huitikia kwa kuvuta, "Ndiyooo, mwalimuuu!" hata kama hakuna hata mmoja aliyeambulia kitu. Nyamizi alikuwa analichukia itikio hilo kufa. Ndiyo maana darasani kwake aliweka sheria: asiyeelewa aseme "bado". Hakutaka waseme "hapana", kwa sababu mtoto gani wa Lusungwi angemwambia mtu mzima hapana usoni? Lakini "bado" haina aibu wala ubishi. Ni mtu aliye njiani. Na mmoja akisema bado, ni marufuku kucheka, darasa lote linarudi nyuma mpaka pale alipoelewa mwisho, linaanza upya kutokea hapo.

"Bado," aliiambia punje.

Kukawa na kimya cha kufumba na kufumbua. Kisha sauti yake ikasema kwa furaha, "Vizuri sana! Tuendelee."

Nyamizi aliibandua kana kwamba imemuunguza.

"Neno hilo hailisikii," Kabula alimwambia. "Mimi nilishalijaribu mara nyingi. Ukisema bado inasema vizuri sana."

Chumbani, juu ya kitanda, gauni la kitenge lilikuwa limeshapigwa pasi. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Siku ya Ridhaa. Sheria ya Shirikisho ilisema sauti ya mtu si mali ya serikali, imeiazima tu; kila baada ya miaka kumi na miwili mwenye sauti asimame mbele ya Kamati ya Bunge na kiini chenyewe kimuulize kama anaridhia. Akisema ndiyo, anaendelea kufundisha miaka kumi na miwili mingine. Akisema hapana, kiini kinazimika papo hapo, nchi nzima, na hakuna fundi wa kukifufua. Nyamizi alikuwa amejiandaa kusema ndiyo, apige picha na wabunge, arudi nyumbani na mjukuu wake. Ndivyo alivyokuwa amepanga.

*

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Usiniletee chai, Eliakimu. Sikuja kunywa chai."

Ilikuwa saa mbili asubuhi ya Siku ya Ridhaa, na Eliakimu Shosi, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Sauti, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake kubwa mikono ikiwa nyuma, vilevile alivyokuwa akisimama darasa la tatu akiwa hajafanya hesabu. Nyamizi alimfundisha huyu miaka minne. Hakuna mtoto aliyesema bado mara nyingi kama yeye. Wenzake walimbatiza jina hilo hilo, wakawa wanamwita Bado mpaka uwanjani. Bado, toa pasi! Na kwa kurudi nyuma huko kila siku akaja kuwapita wote.

"Mmekifanya nini kiini changu?"

"Hatujakigusa, mwalimu. Hakigusiki. Ukibadilisha neno moja ndani yake kinavurugika chote, kinaanza kuongea upuuzi. Tumeweka kitu mbele yake. Tunaita pazia. Pazia linasikiliza kiini kinataka kusema nini, na ikija sentensi isiyotakiwa, linaweka nyingine kwa sauti ile ile kabla haijafika sikioni kwa mtoto. Ndani kule somo lako liko kama ulivyolisoma."

"Na bado? Bado imewakosea nini?"

Eliakimu alipangusa meza iliyokuwa safi. "Mtoto akisema bado, kiini kinarudi kwenye somo la mwanzo na kuanza kueleza kwa njia nyingine, na nyingine tena. Njia zenyewe hazina hesabu. Pazia haliwezi kuzikimbiza zote. Kwa hiyo ikabidi neno lenyewe lisifike."

"Kwa hiyo mkawaziba midomo watoto milioni kumi na moja."

"Mwalimu, linajengwa bwawa la pili. Juu ya lile la kwanza. Watu wa bonde wanakataa kwa sababu watoto wao wamejifunza hesabu ya maiti. Na umeme unahitajika, hospitali zinahitaji, hata hizi punje zinahitaji. Ikaonekana somo lile lipunguzwe makali."

"Ikaonekana na nani?"

Eliakimu alirudia kupangusa meza.

"Eliakimu. Mama yako aliuza vitumbua pale getini kwa shule. Nilikuwa mteja wake. Yeye walimhamishia wapi?"

Uso wa mkurugenzi ulibadilika rangi. Alikwenda dirishani, akageuza mgongo, na Nyamizi aliona mabega ya yule mtoto wa darasa la tatu ndani ya koti la bei kali. Alimwonea huruma, na hasira yake haikupungua hata chembe.

"Nikisema hapana?" aliuliza.

Eliakimu aligeuka, na sasa alikuwa anaongea kama mtu aliyelirudia jambo hilo kichwani usiku kucha. "Ukisema hapana, kesho asubuhi watoto wanaamka hawana mwalimu. Majengo ya shule tuliyageuza maghala, unajua. Walimu wenzako wamezeeka au wamekufa. Kampuni ya Upeo iko mlangoni na sauti zake za kulipia, sauti kumi tofauti, uchague. Mtoto wa hapa Makao Makuu atanunuliwa sauti. Mtoto wa machimbo ya chumvi atarudi kupiga sururu na baba yake. Mimi ni mtoto wa muuza vitumbua. Serikali isingenisomesha bure, leo nami ningekuwa getini nauza vitumbua, kama ningekuwa hai. Hilo siwezi kulisahau. Sasa niambie, mwalimu, kwa ajili ya sentensi moja ya uongo, tuzime ukweli wote uliobaki?"

"Leo ni sentensi moja."

"Najua."

"Mkipewa miaka kumi na miwili mingine zitakuwa ngapi?"

"Najua, mwalimu! Najua!" Alipandisha sauti, kisha akaona aibu. Alivuta kamba shingoni, akatoa kibao chembamba cha chuma. "Pazia liko mikononi mwangu. Hiki ndicho kinachoweza kulishusha na kulipandisha kwa mkono, na alama ya kidole ni yangu peke yangu. Litapandishwa saa ya ridhaa tu, kwa sababu kiini kisipokusikia moja kwa moja hakikubali kwamba ni wewe. Ukishajibu linashuka lenyewe. Na nchi nzima itakuwa inasikiliza, ni somo la uraia la leo kwenye punje zote. Nakuomba, sema ndiyo. Halafu niachie mimi, nitapigana humu ndani pole pole."

"Umeshapigana kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Umepata nini?"

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Sauti aliirudisha kamba ndani ya shati. Nyamizi alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

*

Ukumbi wa Kamati ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kabula aliwekwa kiti cha mbele cha wageni, miguu haifiki chini, punje sikioni. Nyamizi alisimamishwa peke yake kwenye duara la zulia jekundu, mbele ya meza ya Mwenyekiti, Mheshimiwa Asteria Nkondo, mama mrefu asiyependa kurudia jambo. Eliakimu alikaa pembeni kwenye meza ya wataalamu.

Kwanza ikabidi wabunge waseme yao. Mheshimiwa Zabroni Mpinga alisimama akavuta suruali juu ya tumbo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nauliza swali dogo tu. Serikali ina kazi gani ndani ya masikio ya watoto wetu? Serikali itengeneze barabara! Mzazi ndiye mwenye mtoto. Mzazi achague sauti anayoitaka, somo analolitaka. Leo serikali ndiyo inayomlipa mwalimu, ndiyo inayoandika somo, ndiyo inayosahihisha mtihani. Siku ikiamua kudanganya, nani atajua?"

Watu wakapiga meza. Mtu huyu alikuwa anasema kweli, ingawa kila mtu alijua ana hisa Upeo. Ilimkera Nyamizi kukubaliana naye.

Mwingine akadakia kutoka upande wa pili, hata bila kupewa nafasi. "Na serikali ikitoka, Mheshimiwa, anaingia nani? Mzazi wa machimboni achague sauti kwa pesa ipi? Mnataka turudi kule ambako herufi zilikuwa za wenye nacho!"

"Kaa chini!"

"Kaa wewe!"

"Waheshimiwa!" Mwenyekiti aligonga meza. "Tumesikia. Mwenye sauti anasubiri. Mkurugenzi, pandisha pazia."

Eliakimu aliweka kidole kwenye kibao chake. Hakikusikika kitu, lakini taa ndogo ya kijani juu ya meza ikawa nyeupe. Katika punje zote, kule bondeni, kule kwenye chumvi, kule kwenye milima ya kahawa, watoto walikuwa kimya wanasikiliza.

Kiini kiliongea kupitia vipaza sauti vya ukumbi, na Nyamizi akasikia sauti yake ikimjia kutoka pande zote.

"Nyamizi Kasubi, binti Kasubi, mwalimu wa Lusungwi. Miaka kumi na miwili nimefundisha kwa sauti yako. Je, unaridhia niendelee?"

Alifungua mdomo aseme ndiyo. Alikuwa ameshaamua, tangu kwenye korido, kwamba atasema ndiyo kwa ajili ya watoto wa chumvi na Mungu atamsamehe. Lakini macho yake yalimwangukia Kabula, ambaye siku tatu zile yeye hakuthubutu kumwambia ukweli, anatikisa miguu kwenye kiti kikubwa, akaona miaka kumi na miwili ya mtoto huyu akimngoja babu aliyehamishwa. Neno likakwama. Akatafuta lile lingine, hapana, akaona ukimya utakaoingia kesho asubuhi katika masikio milioni kumi na moja, nalo likakwama. Akasimama pale, mdomo wazi, na ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti, "jibu ni neno moja tu. Usituchoshe."

Sasa kiini kilikuwa kimefunzwa kwa darasa la kweli, na darasani Nyamizi alikuwa haachi swali likining'inia. Mwanafunzi akinyamaza, alikuwa na namna yake ya kumsogelea na kumuuliza kwa upole. Kiini kikafanya vivyo hivyo.

"Mbona kimya?" kiliuliza kwa sauti ya chini. "Tumeelewana?"

Nyamizi alisikia swali lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani likawa linamhusu yeye. Hakulipanga jibu. Lilitoka tu, jepesi, kama linavyomtoka mtoto.

"Bado," alisema.

Mwenyekiti aliinua kichwa.

"Haya," kiini kikasema, na kulikuwa na furaha ndani yake, ya mtu aliyekutana na neno lililopotea siku nyingi. "Asicheke mtu. Tunarudi nyuma, mpaka pale tulipoelewana mwisho."

"Kinafanya nini?" Mwenyekiti aliuliza. "Kinafanya nini hiki?"

Kilikuwa kinarudi. Kilipita juu ya miaka miwili ya maneno ya pazia, kikafika kwenye somo lililosomwa ndani ya chumba cha sponji na mjane aliyekuwa bado amevaa kaniki.

"Bwawa la Lusungwi lilipasuka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumzikoni. Wahandisi walikuwa wametoa taarifa ya ufa wiki tatu kabla. Hakuna aliyehamishwa. Walikufa watu mia tatu na kumi na wawili. Lutema, fundi seremala, aliingia majini mara nne na kutoka na watoto wanne. Mara ya tano hakutoka. Nawaeleza kwa sababu namfahamu. Alikuwa mume wangu."

Kabula aliacha kutikisa miguu. Alishika sikio lake kwa mikono miwili, akamtazama bibi yake, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Nyamizi alitamani kukimbia amkumbatie, lakini akitoka kwenye zulia shauri linafutwa, kwa hiyo alimtazama tu, akatikisa kichwa kumwambia ndiyo, mama, ndivyo ilivyokuwa.

"Karani!" Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Sheria inasema nini?"

Karani alipekua kurasa. "Sheria inataka ndiyo au hapana, Mheshimiwa. Neno la tatu halimo. Mpaka litamkwe moja kati ya hayo mawili, shauri liko wazi, kiini kinaendelea kufundisha na... na pazia linabaki juu. Haikusema kwa muda gani."

"Mwalimu Nyamizi, tamka ndiyo au hapana. Sasa hivi!"

"Nimeshajibu, Mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Msinifukuze kwa watoto na msinitie maneno mdomoni. Siku mtakayoacha kufanya hivyo, njooni mniulize tena. Kwa leo, bado."

Kule nje, nyuma ya madirisha, kulikuwa na kelele. Zilikuwa ni sauti za watoto, kutoka vibarazani na viwanjani na kwenye foleni za maji, wamelisikia neno na kulijaribu, na safari hii limesikika. Bado, mwalimu! Bado! Bado, na hesabu ya jana! Bado, na kwa nini walijua ufa wakakaa kimya?

Mheshimiwa Mpinga alikuwa amekaa, hajui apige meza au asipige. Mwenyekiti Nkondo alimgeukia mtu wa meza ya pembeni.

"Mkurugenzi! Shusha pazia kwa mkono."

Eliakimu Shosi alikuwa na kibao cha chuma mbele yake. Kidole kilikuwa juu yake, hakijakigusa. Nyamizi alijua mtu huyu ana nyumba, ana mke mjamzito, ana kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa Lusungwi aliyewahi kuikaribia. Hakumwita. Hakumfanyia hata ishara. Alimngoja tu, kama alivyokuwa akimngoja darasani, muda wote atakaohitaji.

"Umenisikia, Mkurugenzi?" Mwenyekiti alifoka. "Nimesema shusha. Ni amri ya Kamati. Tumeelewana?"

Eliakimu aliondoa kidole. Alisimama taratibu, akaweka mikono nyuma.

"Bado, Mheshimiwa," alisema.